Mpwa wangu, tamthilia haitikisi dola

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema Squid Game ni kazi ya uasi kuliko zote ulizowahi kutazama, na kwamba mjomba wako nimezeeka ndiyo maana siioni hatari yake. Uzee naukubali. La uasi ngoja tulizungumze.

Tamthilia ile ya Korea Kusini ilitoka mwaka 2021. Watu 456 waliozama kwenye madeni wanacheza michezo ya kitoto, anayeshindwa anauawa, na matajiri wamekaa pembeni wakijiburudisha. Kejeli kali, sikatai. Lakini mwaka 2023 Netflix, kampuni ileile iliyoitoa, ikaleta shindano la kweli: washindani 456, mavazi yaleyale, zawadi ya dola milioni 4.56. Kilichoondolewa ni mauaji tu. Yule tajiri anayetazama wenzake wakigombania pesa, ambaye tamthilia ilitufundisha kumchukia, safari hii alikuwa mimi na wewe, tena kwa kulipia. (Usijifanye hukutazama.)

Hapo wengi hukata tamaa, wakasema kila kinachouzwa kimeshafugwa. Wanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno na Max Horkheimer waliandika tangu miaka ya 1940 kwamba utamaduni umegeuzwa kiwanda. Nakubaliana nao nusu. Nusu ya pili inanikwama nikifika Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji ya leo.

Agosti 25, 1830, jiji hilo likiwa bado chini ya Mfalme William I wa Uholanzi, ilichezwa opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Mfaransa Auber kuhusu maasi ya Naples, Italia. Tena katika sherehe za mfalme mwenyewe! Paris walikuwa wameiona tangu 1828, na kiti cha mfalme wao hakikuanguka kwa sababu yake. Brussels watazamaji walitoka ukumbini wakakutana na umati mitaani, ghasia zikawaka, na mwisho wake Ubelgiji ikajitenga. Nyimbo zilikuwa zilezile. Ila hawa walikuja na hasira yao kutoka nyumbani.

Na ukitaka kujua watawala huogopa nini hasa, tazama Kenya mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya kwa Kiingereza, Petals of Blood, iliyowachambua wakubwa bila kuwaonea haya. Aliyeizindua ni Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia kwa Kikuyu, ikaigizwa na wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamirithu kwenye ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Baada ya wiki chache kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Shutuma za riwaya na za tamthilia hazikutofautiana sana. Riwaya husomwa na mtu peke yake. Ile tamthilia iliwakutanisha watu jioni kwa jioni, wakafanya mazoezi, wakarekebisha maneno, wakazoea kupanga jambo pamoja.

Unaniambia Squid Game imetazamwa na mamilioni. Ni kweli, kila mmoja na simu yake. Siku hao mamilioni watakapokutana mahali wakaanza kuulizana kuhusu madeni yao wenyewe, niandikie tena, nami nitabadili msimamo. Kwa sasa wewe endelea kutazama. Waigizaji wake wanaijua kazi.

Mjomba wako