Mwanangu, itoe hiyo karatasi kwenye fyuzi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa wote wazima. Picha ya kisanduku cha fyuzi cha MGB yako nimeipata, nikaikuza mpaka nikaona vizuri: fyuzi ya waya wa kijani umeivisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na chini umeandika "imekubali". Iliyokubali ni karatasi. Waya hujauuliza.

Jumamosi unaondoka na gari hilo, usiku, peke yako. Nakuomba, kabla hujasoma mengine, nenda kaitoe. Kama huna fyuzi nzima, gari lilale hivyo hivyo. Fyuzi haikatiki kwa ukorofi. Inakatika kwa sababu huko mbele umeme unapita mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba, na wewe umeuondolea mlinzi. Waya utapata moto, plastiki yake ya mwaka 1972 italainika, itashikana na nyaya nyingine zilizofungwa nayo kwenye fungu moja, na moshi utautafuta chini ya dashibodi huku mkono mmoja uko kwenye usukani.

Najua utasema ulitafuta ya 35 ukakosa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Fyuzi ya kioo ya Lucas, waliotengeneza vifaa vya umeme vya gari lako, ina kikaratasi ndani kilichoandikwa 35, lakini hiyo 35 ni ampea za kuikata. Mzigo wa kudumu inaobeba ni ampea 17. Watengenezaji wengine wengi huandika mzigo wa kudumu. Ukinunua yao ya 35, umeweka mara mbili ya inayotakiwa, na hiyo ni ndugu yake karatasi ya sigara. Chukua ya 17, au ya 15 kama ndiyo iliyopo, na uchukue za kutosha, nyingine zikae garini. Kabla ya kuipachika, sugua vishikio vyake kwa msasa laini na uvibane kidogo kwa koleo. Kishikio kilicholegea hupata moto chenyewe, na fyuzi huonekana mbovu kumbe haina kosa.

Halafu usidanganywe na kile kisanduku. Fyuzi ni nne, lakini kwenye MGB si kila kitu kinapita humo. Waya wa kahawia unatoka betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Mweupe wa swichi ya injini, unaolisha koili (inayozipa plagi cheche) na pampu ya petroli, hauna. Taa kubwa, zile nyaya za buluu, nazo hazina. Zenye ulinzi ni kijani, zambarau ya honi na taa ya ndani, na nyekundu za taa ndogo. Sasa mwenye ulinzi ndiye unayemvua!

Nilikuuliza inakatika wakati gani, ukanijibu habari za redio. Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi. Ikikatika ukiweka rivasi, fuata waya wa kijani wenye mstari wa kahawia unaotoka swichi iliyo kwenye gia boksi, kwa sababu hapo ni rahisi kusugua bodi. Ukikanyaga breki, fuata kijani chenye mstari wa zambarau kwenda taa za nyuma. Ukifungua swichi tu bila kugusa kitu, tatizo liko kwenye kijani chenyewe. Na kama ni kwenye barabara mbovu tu, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi na kuachia. Tazama kwanza pale fungu la nyaya linapopenya ukuta wa injini. Mpira wa pale ukishapasuka, ukingo wa bati huwa kisu.

Usitafute shoti kwa kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 na soketi yake, uunge vipande viwili vya waya, toa fyuzi, kisha shika kila kipande kwenye kishikio kimoja. Sasa balbu ndiyo inayozuia: hata shoti iwe kamili, haitapita zaidi ya ampea 2 hivi, na waya hauungui. Ila kwanza chomoa waya mweupe wa koili, maana swichi itakaa wazi bila injini kuwaka, na pointi, yaani vigusano vinavyoikatia koili umeme, zikiwa zimefungana koili itachemka. Fungua swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Ikiwaka hafifu, hizo ni geji tu, usihangaike nazo. Anza kuchomoa kimoja kimoja: wipa, feni ya hita, swichi ya breki, swichi ya rivasi, indiketa. Pale itakapofifia ghafla, ulichochomoa mwisho ndicho chenye kesi. Ukichomoa vyote na bado inawaka kali, basi ni fungu lenyewe. Litikise pole pole kuanzia kwenye kisanduku huku unaitazama balbu. Kama shoti huja kwa breki au rivasi tu, mwambie mtu akae ndani akanyage, au akuwekee rivasi.

Kazi hii unaiweza. Pampu ya petroli uliifungua na kuzisafisha pointi zake kwa usafi ambao sijauona kwa mafundi wengi, na nimewaambia watu hivyo, wala sikukuambia wewe. Ndiyo maana hiyo karatasi imeniudhi. Asiyejua angesamehewa.

Redio: yeyote aliyeiunga, ameiunga kwenye waya wa kahawia bila fyuzi. Weka kishikio chenye fyuzi ya ampea 5, na ukiweke pale waya unapoanzia, si nyuma ya redio. Fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Kipande kinachobaki kabla yake kipo uchi.

Umesema ukikanyaga breki indiketa nazo zinawaka kidogo. Usinunue balbu. Ni ethi. Umeme umekosa njia ya kurudi kwa waya mweusi, unarudi kwa kupita balbu ya jirani. Fungua buti, tafuta pale nyaya nyeusi zinapokamatwa kwenye bodi, fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza, ndipo upake grisi juu, si katikati. Kisha pima taa zikiwa zinawaka: mita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha soketi ya balbu, nyingine kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu. Ikizidi volti 0.2, ethi bado mbaya. Usipime kwa ohm ukaridhika. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba husoma vizuri kabisa kwa ohm, halafu ukiupa mzigo wa taa unashindwa.

Ethi nyingine ni ya injini, ule mkanda kati ya gia boksi na bodi. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na mara nyingi hupita kwenye kebo ya choki. Ukipiga stata ukaikuta kebo ina joto, usipige tena.

Betri zako ni mbili za volti 6 nyuma ya viti, na tatizo linapenda kukaa kwenye kebo fupi inayoziunganisha kwa sababu hakuna anayeitazama. Kila moja ikiwa imejaa isome kama 6.3, jumla 12.6. Moja ikisoma 6.3 na nyingine 5.8, kuichaji jozi nzima hakutakusaidia. Mwambie mtu apige stata huku umeweka ncha za mita kwenye miti miwili iliyoungwa na hiyo kebo, si kwenye vibano. Ikisoma zaidi ya 0.2, isafishe au ibadilishe. Na jumla isishuke chini ya 9.6 stata inapozunguka. Kufungua, anza na hasi inayokwenda kwenye bodi. Kufunga, imalizie hiyo hiyo. Pete ya kidoleni vua kwanza.

Chaji: injini kwenye mizunguko 2,000 hivi, taa zimezimwa, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikivuka 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa na betri zitachemka. Ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi isiwe pambo tu, maana balbu yake ya wati 2.2 ndiyo inayoamsha alteneta. Ikiungua, alteneta inaweza isichaji, na wewe utafurahi kuwa taa haiwaki. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini lazima iwake. Lizoee hilo.

Betri zikiisha zenyewe usiku, weka mita ya ampea kati ya hasi na kebo yake, milango imefungwa, na usipige stata mita ikiwa hapo. Gari kama hilo lisile hata miliampea 50. Kutoa fyuzi hakutakuonyesha kila kitu kwa sababu ya ule waya wa kahawia. Toa hasi, chomoa plagi ya alteneta, rudisha hasi, upime tena. Asubuhi gari limelala baridi ukakuta alteneta ina uvuguvugu, diodi zinavuja.

Kuhusu wazo lako la kuweka rilei za taa kubwa, yaani swichi za umeme zinazobeba mzigo badala ya swichi ya dashibodi, ni zuri. Taa mbili za wati 55 ni ampea 9 na ushei, zote zinapita kwenye swichi nzee. Rilei mbili, kila moja na fyuzi yake ya 15, waya wa milimita za mraba 2.5. Lakini usiianze sasa. Kazi ya nyaya iliyoachwa njiani ni mbaya kuliko ambayo haikuguswa. Ukirudi tutaifanya.

Baba yako anakusalimu. Bomba la jikoni limeanza tena kudondosha, anasema ni washa (kile kimpira cha ndani), mimi nasema ni bomba lenyewe. Mdogo wako amehamia chumbani kwako "kwa muda", nimemwambia asiguse kabati. Na ile taa ya stoo usinikumbushe.

Nataka picha ya kisanduku kabla ya Jumamosi, kifuniko wazi, fyuzi nne, namba zisomeke. Usinitumie neno "imekubali". Kama hujaipata shoti mpaka Ijumaa jioni, panda basi. Nauli nitatuma mimi.

Mita uliyochukua ni yangu, irudi. Betri yake ya volti 9 imechoka, na ikichoka mita huanza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kupima chochote nilichokuandikia. Na ufunguo wa stoo angalia kwenye suruali yako ya kazi, hapa hatuuoni.

Mama yako