Wito wa Harambee: Tuchangie Mfuko wa Kudai Fidia ya Wenzetu

Wapendwa wanachama, jamaa na marafiki wa kikundi chetu,

Kamati imenituma, nikiwa katibu wa mfuko, niwaandikie kuomba fedha, na ningependa ombi lenyewe lifahamike kabla ya maelezo mengine yote. Tunamwomba kila mwenye uwezo achangie harambee itakayofanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, ili madai ya wenzetu walioondolewa kwenye ardhi yao kupisha mradi mkubwa yafikishwe mahakamani na yaendeshwe huko mpaka uamuzi utolewe.

Wengi wenu mnayajua mambo haya tangu yalipoanza. Wathamini walipita nyumba hadi nyumba, wakahesabu vyumba na miti, wakajaza fomu, na wenye mali wakatia sahihi karatasi ambazo hawakuachiwa nakala yake. Waliambiwa kwamba malipo yangefuata baada ya muda mfupi. Zilizofuata ni mashine. Tangu hapo kampuni inayotekeleza mradi inasema kuwa fidia ni wajibu wa serikali, ofisi ya serikali inasema kuwa inasubiri fedha kutoka kwa kampuni, na barua tunazojibiwa, pale tunapojibiwa, zinasema kuwa suala letu linashughulikiwa. Mzee wetu mmoja amezihifadhi barua zake zote katika mfuko wa plastiki, na alipotuletea tukazisoma kwa mpangilio wa tarehe, tuliona kwamba sentensi ya mwisho ilikuwa ile ile katika kila moja, ila jina la aliyetia sahihi lilikuwa limebadilika. Nimekuwa nikiandika barua za kikundi hiki kwa muda mrefu, lakini siku ile nilishindwa kusema neno.

Hatupingi mradi, na naomba anayetusikia asielewe hivyo. Tunachodai ni kwamba aliyetoa ardhi yake kwa manufaa ya wote asibaki maskini kwa sababu ya manufaa hayo. Dai hili si la ajabu wala si letu peke yetu. Viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambalo ni sehemu ya Kundi la Benki ya Dunia, vinataka mtu anayeondolewa alipwe kiasi kitakachomwezesha kupata mali nyingine ya namna ile ile kwa bei iliyopo, pamoja na gharama za kuipata. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa nalo liliidhinisha kanuni zinazoongoza biashara na haki za binadamu, ambazo zinasema mambo matatu: serikali ina wajibu wa kuwalinda watu, kampuni ina jukumu la kuheshimu haki zao, na aliyedhurika anastahili njia ya kupata nafuu. Mambo mawili ya kwanza husomwa sana kwenye hotuba. La tatu ndilo lililotufikisha kwenye ombi hili, kwa kuwa njia ya kupata nafuu ina gharama, na gharama hiyo humwangukia yule aliyekwisha kupoteza.

Katika madai ya namna hii, upande wenye fedha hauhitaji kuwa na hoja nzuri, mradi unaweza kungoja. Wanasheria wake hulipwa mshahara kila mwezi, kesi ikisikilizwa au ikiahirishwa. Kwa mdai, kila tarehe ya mahakama ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, ni mtoto aliyeachwa kwa jirani, na baada ya tarehe kadhaa huwa imebaki njia moja tu, nayo ni kukubali sehemu ndogo ya haki yake ili mambo yaishe. Baadhi ya wenzetu wamekwisha kutia sahihi malipo ya namna hiyo, na hatuwalaumu hata kidogo, kwa sababu walikuwa na wagonjwa na karo za kulipa, nasi hatukuwa na chochote cha kuwasaidia wasubiri. Mfuko tunaouomba leo ni wa kuwawezesha waliobaki kusubiri.

Naomba mnivumilie nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kamati imekijadili sana na ndicho kilichotufanya tubadilishe mpango wetu wa awali. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon kwa hesabu za vituo vyake vya posta, ambavyo vingi huendeshwa na wafanyabiashara wadogo kwa mkataba. Mfumo ule ulikuwa na kasoro, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Shirika liliwataka waendeshaji wafidie upungufu huo kutoka mifukoni mwao, na waliposhindwa, wengi walishtakiwa kwa wizi na kwa kughushi hesabu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na wapo waliojiua. Kila mmoja alipolalamika aliamini kwamba ni yeye peke yake mwenye shida hiyo. Alan Bates, ambaye mkataba wake ulivunjwa mwaka 2003 kwa sababu alikataa kulipa fedha asizodaiwa, alitumia miaka mingi kuwatafuta wenzake mmoja mmoja, na mwaka 2009 wakakutana katika ukumbi wa kijiji na kuunda umoja wao.

Waliposhtaki, walikuwa 555, nao hawakuwa na fedha za kuendesha kesi ya ukubwa ule. Walilazimika kukubali fedha za wawekezaji wanaogharimia kesi kwa makubaliano ya kuchukua fungu la kitakachopatikana. Desemba 2019 shirika lilikubali kuwalipa takribani pauni milioni 58, na Jaji akathibitisha katika hukumu yake kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Walikuwa wameshinda. Lakini zilipoondolewa gharama za mawakili na haki ya wawekezaji, walibakiwa na takribani pauni milioni 12 za kugawana, kiasi ambacho kwa wengi hakikufikia hata walichokuwa wamepoteza. Iliwabidi waendelee kudai, na ni mwaka 2024 tu ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu zao kwa pamoja.

Kisa hiki kina mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba watu wa kawaida waliokuwa wametawanyika, wakiwa na daftari na uvumilivu, waliweza kulithibitishia taifa zima kwamba taasisi kubwa ilikuwa ikisema uongo. La pili ni kwamba walishinda kwa fedha za kukopa, na mkopeshaji akawa wa kwanza kula. Kamati yetu ilikuwa imekwisha kuzungumza na wakili aliyekuwa tayari kuanza bila malipo kwa sharti la kuchukua sehemu ya fidia, na sehemu aliyoitaja ilikuwa kubwa. Simlaumu, maana naye angekuwa anabeba hatari. Hata hivyo, tulijiuliza tutawaambia nini wajane wetu siku ya kugawana, tukaona ni heri kuja kwenu kwanza.

Kuna mfano mwingine ambao nitaupitia haraka. Wanaharakati wawili wa Uingereza, Helen Steel na David Morris, walishtakiwa na kampuni ya migahawa ya McDonald's kwa kusambaza kipeperushi kilichoilaumu. Sheria ya Uingereza wakati ule haikutoa msaada wa kisheria katika kesi za kashfa, kwa hiyo walijitetea wenyewe kwa siku 313 za kusikilizwa, wakitegemea michango ya watu na mawakili wachache waliowashauri bila malipo. Tarehe 15 Februari 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kunyimwa msaada huo kulikiuka haki yao ya kusikilizwa kwa usawa. Haki ya kwenda mahakamani bila njia ya kumudu kesi ilionekana, kwa macho ya majaji wenyewe, kuwa pungufu.

Baadhi yenu mtasema, na wapo waliokwisha kusema katika kikao, kwamba michango midogo ya watu wasio na kitu haiwezi kushindana na hazina ya serikali wala ya kampuni. Nawaomba wakumbuke mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani. Watu weusi wa mji ule walisusia mabasi yaliyowabagua kuanzia tarehe 5 Desemba 1955, na ususiaji ukaendelea kwa siku 381. Hotuba za Martin Luther King zinakumbukwa na wengi, lakini mtu hafiki kazini kwa hotuba. Ilihitajika mamia ya magari ya kuwachukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni, petroli ya kila siku, matengenezo, na bima. Kampuni za bima zilipofuta bima za magari ya makanisa, ilibidi itafutwe nyingine hadi London. Haya yote yaligharimiwa na sadaka zilizokusanywa kwenye mikutano ya makanisani na zilizotumwa kutoka mbali.

Katika mji huo huo alikuwapo mpishi aliyeitwa Georgia Gilmore. Aliwakusanya wanawake wenzake wakapika na kuuza chakula nyumba kwa nyumba, kisha akawa anasimama mkutanoni kukabidhi walichopata. Alipoulizwa fedha zimetoka wapi, alijibu kuwa hazikutoka popote, na kundi lake likaitwa kwa jina hilo, kwa sababu wengi waliopika na walionunua wangefukuzwa kazi kama wangejulikana. Yeye mwenyewe alifukuzwa baada ya kutoa ushahidi mahakamani. Namtaja kwa makusudi, kwa kuwa najua miongoni mwetu wapo walioajiriwa na ofisi au kampuni inayohusika, na wengine wana ndugu huko. Asiyetaka jina lake lisomwe atoe bila jina. Mweka hazina ataandika namba ya stakabadhi badala ya jina, na hatutamuuliza mtu neno.

Wengine wameuliza kama kukusanya fedha kwa ajili ya madai dhidi ya serikali ni halali, wakihofia tutaitwa wachochezi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu, katika Kifungu cha 13, linasema wazi kwamba kila mtu, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuomba, kupokea na kutumia rasilimali kwa madhumuni ya kulinda haki kwa njia za amani. Njia zetu ni za amani, na daima zitakuwa hivyo. Tumeandika barua, tumepeleka malalamiko, tumeomba kukutana na wahusika, na hata leo wakituita tuketi mezani tutakwenda kabla ya kwenda mahakamani.

Fedha zitakazopatikana zitatumika kwanza kumlipa mthamini wa kujitegemea, kwa maana hatuwezi kupinga tathmini ya upande wa pili bila kuwa na ya kwetu iliyofanywa na mtu mwenye leseni. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa sasa, na bila yake wakili hana cha kuweka mezani. Baada ya hapo kuna ada za mahakama, hati za viapo, nakala za nyaraka za kila familia, na nauli za mashahidi, hasa wazee. Sehemu itatengwa kwa ajili ya familia zilizo katika hali ngumu zaidi, ili mtoto wao akirudishwa nyumbani kwa karo, mzazi asilazimike kutia sahihi karatasi ya malipo madogo wiki hiyo hiyo. Najua wapo wanaoona kwamba sehemu hii si ya kesi. Kwa maoni yangu ndiyo kesi yenyewe, kwa sababu tumekwisha kuwapoteza wadai kwa njia hiyo.

Mfuko utasimamiwa na watu watatu ambao kati yao mmoja tu ni mdai, na hakuna fedha itakayotolewa benki bila sahihi za wote. Hesabu zitasomwa kila mwezi mbele ya wanachama, hata kama ni mwezi ambao hakuna kilichotumika. Hatutapokea mchango wa mgombea yeyote wa nafasi ya kisiasa, wala wa kampuni inayoshindana na ile tunayoidai, kwa kuwa dai hili likishaonekana kuwa chombo cha mtu mwingine, wenzetu watakuwa wamenyang'anywa mara ya pili. Ikitokea tukaelewana nje ya mahakama na fedha zikabaki, wachangiaji ndio watakaoitwa kuamua zitumike vipi.

Siku ya harambee tutaanza saa nne asubuhi. Tutasikiliza kwanza familia tatu zieleze wenyewe yaliyowapata, kisha tutapokea michango na ahadi, na kila ahadi itaandikwa pamoja na tarehe ambayo mwenyewe ataona anaweza kuitimiza. Asiye na fedha tunamhitaji pia: wapo wanaoweza kuandika vizuri na kutusaidia kunakili maelezo ya mashahidi, wapo wenye picha za mashamba na nyumba kabla hazijabomolewa, na wapo wenye chombo cha usafiri siku za kesi. Mwenye karatasi yoyote ya tathmini, hata iliyochanika, tafadhali aje nayo. Tutainakili pale pale na kumrudishia ya kwake kabla hajaondoka.