Sare nazo zihesabiwe

Mhariri,

Kila msimu wa ligi unapoelekea ukingoni, kurasa za michezo hurudia swali lile lile: ni kikosi gani kilichokuwa bora kuliko vyote katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza? Mara nyingi jibu linalotolewa ni Arsenal ya 2003/04, na sababu ni moja tu: haikupoteza mechi. Mimi ni Arsenal damu. Nimeipenda timu hii ikiwa juu na nimeipenda ikiwa hoi, na sifa hizo hunipendeza. Ila hoja yenyewe haisimami, na ningependa timu yangu isifiwe kwa yale iliyoyafanya kweli.

Tazama msimamo wa ligi wa msimu ule. Katika mechi 38, vijana wa kocha Arsène Wenger walishinda 26 na kutoka sare 12, wakamaliza na pointi 90. Sare 12 maana yake ni pointi 24 zilizopotea bila kufungwa. Msimu uliofuata Chelsea ya José Mourinho ilifungwa mara moja tu, ikashinda mechi 29, ikapata pointi 95 na kuruhusu mabao 15 msimu mzima. Manchester City ya 2017/18 ilipoteza mbili, lakini ilishinda 32, ikafikisha pointi 100 na kumwacha wa pili kwa pointi 19. Sisi tulimwacha wa pili kwa 11. Bingwa hupatikana kwa pointi, na kwa pointi wote wawili wako juu yetu.

Wanaoshikilia rekodi ya kutofungwa wanahesabu kana kwamba sare bado ni nusu ya ushindi. Zamani ilikuwa hivyo. Ushindi ulikuwa pointi mbili, na Uingereza ilihamia pointi tatu mwaka 1981. Tangu hapo sare ni theluthi tu ya ushindi, na hilo hubadilisha mambo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua msimu wa 2018/19. Manchester City ilishinda mechi 32, sare mbili, ikapoteza nne: pointi 98. Liverpool ilishinda 30, sare saba, ikapoteza moja: pointi 97. Liverpool ilifungwa mara moja msimu mzima na bado ikakosa taji, kwa sababu ya zile sare saba. Sasa piga hesabu kwa kanuni ya zamani: City inapata 66, Liverpool 67. Wachezaji wale wale, mabao yale yale, na kombe linakwenda Anfield, nyumbani kwa Liverpool!

Na hata enzi za pointi mbili, kutofungwa hakukutosha. Perugia ya Italia ilimaliza msimu wa 1978/79 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi: ilishinda 11 na kutoka sare 19. Ubingwa ulichukuliwa na Milan, iliyofungwa mara tatu.

Kama tunataka kikosi ambacho hakikufungwa na pia kilishinda kwa wingi, kipo, ila si chetu. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso, msimu wa 2023/24, ilishinda mechi 28 na kutoka sare sita katika ligi ya Ujerumani. Hizo ni pointi 90, sawasawa na za Arsenal, lakini katika mechi 34. Najua ligi mbili tofauti hazilinganishwi kirahisi. Lakini anayetumia rekodi ya kutofungwa kama kipimo hana budi kuanza na Leverkusen.

Je, Arsenal ile ilikuwa ya kawaida? Hata kidogo. Timu 19 zilikutana nayo nyumbani na ugenini, hakuna iliyopata njia ya kuifunga. Thierry Henry alipachika mabao 30 katika ligi. Mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, uliokatika Old Trafford, uwanja wa Manchester United, Oktoba 2004, ni wa ajabu, na sijaona timu ya Uingereza iliyocheza mpira mtamu kuliko ule. Hiyo ni hoja ya uthabiti na ya uzuri wa soka, nami nitaitetea popote. Ubora wa msimu ni hoja nyingine.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha tena orodha ya vikosi bora, wekeni safu mbili zaidi kando ya mechi zilizopotea: idadi ya ushindi, na wastani wa pointi kwa kila mechi. Kwa wastani huo Leverkusen ina 2.65, City ya 2017/18 2.63, Chelsea 2.50 na Arsenal 2.37. Kisha wasomaji wabishane wakiwa na jedwali zima mbele yao.

Shabiki wa Arsenal