Usitoe hela kabla hujaigusa injini ikiwa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa Kanda ya Ziwa wanaojiandaa kununua semi yao ya kwanza, yaani lori la kichwa na tela. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, habari hiyo naisikia kila ninapokaa, iwe Igoma, Buhongwa au Usagara. Foleni ya kivuko imekwisha, mtu anaziona tripu za Geita, Bukoba, hadi Rusumo na Mutukula, anapiga hesabu kwenye kikaratasi, kesho yake anatafuta mteja wa kiwanja chake. Siwalaumu hata kidogo. Mimi niliendesha semi za watu miaka 14 kabla sijanunua yangu, na hesabu niliyoipiga ilikuwa hiyo hiyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Mwezi uliopita aliniomba nimsindikize kutazama kichwa cha Scania alichokuwa anakaribia kukilipia kwa kiinua mgongo chake. Nilimwomba ampigie muuzaji simu jioni, amwambie jambo moja tu: asiliwashe gari mpaka tufike. Tulifika saa 12 na nusu asubuhi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilikuwa limepigwa rangi nyekundu mpya, injini imeoshwa mpaka inang'aa. Nikaweka kiganja kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini, nikakuta joto. Muuzaji akasema amelisogeza kidogo tu uani ili tupate nafasi ya kulizunguka. Nikainama nikatazama chini ya matairi: udongo mkavu, wakati uwanja mzima umelowa, na hapakuwa na alama hata moja ya tairi kwenye tope. Gari halikuwa limesogea hata hatua moja. Lilikuwa limewashwa mapema, likapashwa moto, likazimwa.

Kwa nini mtu apashe injini moto alfajiri? Kwa sababu injini iliyochoka hujieleza yenyewe ikiwa baridi. Utaisikia ikizunguka muda mrefu bila kushika, ikishika inagonga, na bomba linatoa moshi mweupe unaochelewa kuisha. Ikishapata moto, mengi ya hayo hujificha. Basi nilimwomba aiwashe hivyo hivyo, ingurume dakika kumi, kisha nikafungua kizibo cha kujazia oili. Moshi ukatoka kwa kusukumwa, puu, puu, kama mtu anayehema. Hapo ringi za pistoni zimekwisha, mgandamizo wa silinda unavujia chini kwenye oili. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ni mbaya, baba?" Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni oveholi nzima, injini yote ifunguliwe isukwe upya." Tukaaga tukaondoka.

Hayo nayajua kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2017 nilinunua Scania 124 kwa shilingi milioni 58, pamoja na tela. Dalali alinihimiza kwamba kuna mteja mwingine anakuja na hela mkononi, nami nikaamini. Tripu yangu ya pili nilipakia dengu kwenda Dar es Salaam. Nilipita Nzega na Igunga salama, nikaanza kuupanda Sekenke. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda, nikasimama kando, nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Tulilala pale siku nne, mimi na utingo wangu, tukilinda mzigo na kukaza turubai kila wingu lilipotanda, maana dengu ikilowa huna cha kumwambia mwenye mzigo. Injini ile ina silinda hedi sita, yaani vifuniko vya juu, kila silinda na chake, na fundi aliyetoka Singida alipofungua alinionyesha hedi moja iliyokwisha kuchomelewa zamani. Aliyeniuzia alijua. Miezi mitatu ya kwanza nilitumia milioni 14 kwa matengenezo, hela ambayo sikuwa nayo. Nilikopa kwenye kikoba cha mke wangu, na ilinichukua karibu miaka miwili kuirudisha.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwa anayenunua ni hili: usimalize hela zote kwenye gari. Kama una milioni 80, tafuta gari la milioni 55 na 25 zikae benki kabla hujapakia hata gunia moja. Semi ya ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, ina matairi 22. Tazama ubavuni mwa kila tairi, kuna tarakimu nne ndani ya kialama cha mviringo: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kwenye lile gari la Mwalimu matairi manane ya tela yalikuwa ya 2014, yamepakwa rangi nyeusi yakaonekana mapya. Tairi la namna hiyo likibeba tani 30 kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana, hupasuka. Na mafuta nayo hayasubiri malipo ya mzigo. Ukiwa umepakia, hesabu kama kilomita mbili kwa lita, na Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100.

Vichwa vingi vya mtumba tunavyovipata vinatoka Uingereza kwa kuwa usukani wao uko kulia kama wetu. Kule wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, polepole kuanzia nyuma ya kebini. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya debe lililojaa na humenyeka magamba. Ukikuta rangi nzito nyeusi sehemu moja tu, kwangua.

Halafu difu, ile gia ya kwenye ekseli inayozungusha magurudumu. Kichwa kikiwa na ekseli mbili nyuma haina maana zote zinasukuma. Vingi vya kutoka kule vina difu moja, na ekseli nyingine ipo kubeba uzito tu na huweza kunyanyuliwa. Kwenye lami utaenda vizuri. Ila ukiitwa kuchukua pamba kijijini Kwimba au Maswa na mvua imenyesha, utabaki unazungusha tairi mahali pamoja huku mwenye dabo difu, ekseli zote mbili zinasukuma, anakupita. Wala sisemi singo difu ni mbaya, inakula mafuta kidogo. Jua tu kazi yako ni ipi kabla hujanunua.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mfumo wa AdBlue, ule wa kusafisha moshi, na kompyuta ikigundua haupo au umeharibika inapunguza nguvu ya injini. Mpeleke fundi wa umeme mwenye mashine ya kupimia, umlipe wewe mwenyewe, asilipwe na muuzaji. Uliza pia kwenye njia yako nani anaweza kulitengeneza. Gari zuri ambalo fundi wake yuko Dar es Salaam peke yake si gari la mtu wa Mwanza mwenye gari moja.

Na jambo ambalo wengi hatulipimi ni uzito wa gari tupu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayotumika hapa nchini tangu 2019, ekseli ya usukani ni tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa tani 18, na tatu za tela tani 24. Jumla tani 50. Kichwa na tela vikiwa na tani 17 tupu, unabeba 33. Tela la kuchomelea mtaani kwa vyuma vizito likakufikisha tani 20, unabeba 30. Tani tatu unaziacha kila tripu, mwaka mzima, na ukijaribu kuzirudisha watakukamata kwenye mizani ya Tinde, au Njuki, au Vigwaza.

Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, kwa macho yako na tochi, ulinganishe na kadi ya gari. Kama kadi haipo mkononi mwa muuzaji, uliza iko benki gani, maana huenda imewekwa dhamana ya mkopo.

Mhariri, ombi langu kupitia gazeti lako ni kwa wahusika wa usafirishaji mkoani kwetu. Tupatieni Mwanza kituo kimoja ambacho mnunuzi atapeleka gari, atalipia ada, na atapewa karatasi yenye mgandamizo wa kila silinda, hali ya chesisi na uzito wa gari tupu. Mafundi wapo, vijana waliosomea wapo. Mstaafu asilazimike kutafuta jirani aliyewahi kulala Sekenke ndipo aokoke.

Jumamosi hii mimi na Mwalimu tunakwenda Nyakato kutazama gari jingine. Safari hii tumekubaliana na mwenye gari kwamba funguo zitalala kwa fundi wetu usiku wa kuamkia. Hela bado iko benki.

Wako,
Mwenye semi moja,
Igoma, Mwanza