Kile kifaa cha sikio sio cha kila mtu

Mhariri, hapa Mwanza watu wanadhani kile kifaa cha kupandikizwa sikioni ili mtu asikie (cochlear implant), ambacho hospitali ya Muhimbili walianza kukiweka 2017, kinamfaa yeyote asiyesikia, hapana jamani. Ni cha yule ambaye sikio la ndani limeharibika sana na mashine za kusikia za kuvaa hazimsaidii tena, ila neva ya kupeleka sauti kwenye ubongo bado ipo. Mtoto aliyezaliwa hasikii awahishwe, kabla ya miaka 3 ikiwezekana, maana ubongo unashika lugha utotoni, sasa nenda kule Ukerewe utaambiwa subiri ataongea tu, hata babu yake alichelewa! Mtu mzima aliyekuwa anasikia akapoteza naye anafaidika, hata mzee wa 70. Na baada ya operesheni kuna mazoezi ya kusikia miezi na miezi, hilo wengi hawaambiwi.

Msomaji, Nyegezi