Homa ya Bonde la Ufa: mfugaji si mkosaji

Mhariri,

Kila mvua za vuli zinapopita kiasi, maneno ni yale yale: wafugaji wa kaskazini wanatuletea magonjwa. Masoko ya mifugo yanafungwa, nyama ya mbuzi inaogopwa mjini, na Msomali anatazamwa kana kwamba yeye ndiye virusi. Lawama hii haina msingi, na inagharimu maisha ya watu.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na watafiti mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi shambani karibu na Naivasha, eneo la walowezi wa Kizungu. Virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes, kwenye vibonde vinavyotuamisha maji, na mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka. Mafuriko yakija, mbu huanguliwa wakiwa tayari na virusi. Huuma kondoo, kondoo hutupa mimba. Kijana humvuta mwanakondoo aliyefia tumboni kwa mikono mitupu, na mwingine humchinja mnyama aliyezidiwa ili nyama isipotee. Hao ndio wanaotangulia kuugua, na ndio tunaowanyooshea kidole.

Tukumbuke mwisho wa 2006. Wanasayansi waliofuatilia joto la bahari na picha za setilaiti walitoa tahadhari kabla ugonjwa haujagundulika Garissa. Wafugaji nao walikuwa wameshaona mbu wengi kupita kawaida na mifugo ikitokwa damu puani, ugonjwa wanaouita sandik. Chanjo ya mifugo ilikuwepo kwa miongo kadhaa, lakini kampeni ya kuchanja ilianza Januari 2007, ugonjwa ukiwa umeshaenea. Zaidi ya watu 150 walikufa Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Aliyechelewa hapo ni mchungaji?

Sikatai kwamba mifugo inaposafirishwa ugonjwa unaweza kusafiri nayo. Mwaka 2000 homa hii ilizuka Saudi Arabia na Yemen, ikaua watu huko pia. Lakini marufuku ya Saudi Arabia dhidi ya mifugo ya Somalia ilidumu hadi 2009, na familia zilizotegemea kuuza kondoo na mbuzi msimu wa Hija zikakosa soko hilo mwaka baada ya mwaka.

Mfugaji anayejua kwamba akiripoti kondoo waliotupa mimba atafungiwa soko bila hata shilingi ya fidia, atanyamaza. Na akinyamaza, daktari wa mifugo atafika wakati watu wameshaanza kuzikwa. Ndiyo maana naziomba serikali za kaunti zichanje mifugo mara utabiri wa El Niño unapotolewa, bila kusubiri mafuriko, na zitenge fedha za fidia kabla ya kutangaza karantini. Kwenu wanahabari, ombi langu ni moja: mnaporipoti mlipuko, tajeni mbu na mvua, msitaje kabila.

Msomaji wenu,
Garissa