Barua ya wazi kwa shangazi: madukani chini ya ardhi, Singapore

Shangazi, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku Singapore watu wananunua vitu chini ya ardhi, na kama hewa ya kuvuta huko inatosha. Inatosha, tena baridi yake itakufanya uutafute mtandio wako. Nakujibu hadharani kwa sababu binamu zangu nao wamenisumbua kwa swali hilo hilo, na sina nguvu ya kulijibu mara nne.

Pango lisikujie akilini. Hakuna giza wala harufu ya udongo. Ukishuka stesheni ya treni ya City Hall unaingia CityLink Mall, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo ni njia ndefu yenye taa kila upande na maduka ya viatu, miwani, vipodozi na simu. Unatembea humo mpaka majengo ya Suntec City, au ukumbi wa sanaa wa Esplanade, bila kuvuka barabara hata moja. Magari yanapita juu ya kichwa chako na husikii kitu. Kule Orchard, mtaa wa maduka, jengo la ION Orchard lina ghorofa 4 za maduka juu na 4 chini. Za juu ni za wenye fedha zao. Sisi wengine tunashuka, maana chini ndiko kwenye vyakula na nguo za bei ya kueleweka.

Sasa hiyo baridi. Nilidhani inatoka ardhini, kama maji ya kisima. Kumbe udongo wa huku hauna baridi ya kumpa mtu. Mji huu haufiki hata digrii 2 kutoka ikweta, mchana joto hucheza kwenye 31 au 32 mwaka mzima, na ardhi nayo imeshika wastani wa joto la miezi yote. Kwa hiyo ubaridi wote unaousikia huko chini umetengenezwa na mashine. Kwenye mtaa wa Marina Bay kuna mtambo uliojengwa chini ya ardhi, unafanya kazi tangu 2006, unapoza maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye majengo ya jirani, nayo ndiyo yanayopoza hewa humo ndani. Na kazi nyingine kubwa ya kiyoyozi huku ni kukamua maji yaliyomo hewani. Ndiyo maana ukishuka na blauzi iliyoganda mgongoni kwa jasho, baada ya muda mfupi inaachia. Marehemu Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza, alikuwa akisema kiyoyozi ni miongoni mwa vitu vilivyoijenga Singapore, na kwamba alianza kwa kuviweka kwenye ofisi za serikali ili watu wafanye kazi. Ukilionja fukuto la saa nane mchana hutabishana naye.

Kutoka ndiko kwenye kituko. Wewe mvaa miwani, jiandae: ngazi za umeme zinakupandisha taratibu, unaona mwanga wa nje, halafu ghafla huoni kitu. Vioo vimepoa huko chini, hewa ya nje imebeba maji, basi maji yanagandia kwenye kioo. Watu husimama pale mlangoni wakifuta miwani kwa pindo la shati huku wengine wakiwapita. Usisimame katikati, sogea pembeni.

Utashangaa pia kwamba kwenye milango mingi ya stesheni unapanda vidaraja vya ngazi kwanza, kisha ndiyo unashuka. Ni kwa ajili ya mafuriko. Mvua za huku hazina adabu. Mwezi Juni 2010 maji yalijaa Orchard Road yakaingia hadi kwenye maduka. Vile vidaraja vinainua kizingiti ili maji yasifuate watu chini.

Bidhaa zenyewe, kusema kweli, hazina jipya. Viatu vya chini ni vile vile vya juu. Wengi unaowaona wala hawaji kununua, wanalikimbia jua na mvua wakielekea kazini au kwenye treni, na mwenye duka anategemea mmoja wao avutwe na harufu ya mkate. Hapo ndipo mfuko unapotoboka, kwa sababu hakuna jua la kukukumbusha kwamba saa zimekwenda. Hakuna hata la kukuonyesha kibla. Fuata mabango ya njia za kutokea, kila moja ina alama yake, na ramani ya simu usiiamini sana ukiwa chini.

Mkate utaupenda, ila mingine ina nyama ya nguruwe iliyokaushwa na kuchambuliwa nyuzinyuzi juu yake, laini kama pamba, na kwa macho huwezi kuijua. Tazama cheti cha halali cha MUIS, baraza la Waislamu la huku, ukutani kabla hujaagiza. Ukinunua, kula kabla ya kupita geti la treni. Ndani ya geti kula na kunywa ni marufuku, na faini inafika dola 500 za Singapore. Tunda la doriani nalo, kwa harufu yake kali, haliruhusiwi kwenye treni, hata likiwa limefungwa. Najua hilo litakuuma.

Kwenye ngazi za umeme simama kushoto, kulia ni kwa wenye haraka. Siku ya kwanza nitakusubiri City Hall, nje ya mageti, na mtandio wa akiba nitaubeba mimi.